Kabla hujashika sindano, uliza wodini

Juni iliyopita, baridi ya Njombe ikiwa imeshika kweli kweli, mama mmoja mstaafu aliingia dukani kwetu na kiroba kidogo begani. Akakiweka juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na kofia 40 za watoto wachanga, kazi ya miezi miwili: kroshia safi, mchoro wa magamba ule tunaouona kwenye vitambaa vya makochi, kila kofia na ua lake kwenye paji la uso, na katikati ya ua kifungo cha lulu. Alizipeleka hospitali kwa ajili ya watoto njiti. Muuguzi alizipokea kwa heshima zote, akampa shikamoo, akamshukuru, kisha akamwambia taratibu, "Mama, kazi ni nzuri mno, ila hizi hatuwezi kuwavalisha."

Hakuja kulalamika. Aliniangalia tu akasema, "Haya, mwanangu, wewe ndiye uliyeniuzia uzi."

Na ni kweli nilimuuzia, tena ule wenye manyoya manyoya, bila kumuuliza ni wa nini. Tangu siku ile, kila mteja anayesema anataka kufuma kwa ajili ya sadaka tunamkalisha kwanza. Makala haya ni yale tunayomwambia akishakaa.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Anayeitwa njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba. Hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, ngozi yenyewe ni nyembamba, na kichwa ni sehemu kubwa ya mwili wake, kwa hiyo joto humtoka upesi. Wauguzi hutaka joto la mtoto mchanga liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Njia inayotumika sana ni kumlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, ile inayoitwa huduma ya kangaroo. Ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatia joto. Mtoto aliye kifuani kwa mama huvaa nepi, soksi na kofia, basi. Mgongo unafunikwa na khanga au blanketi, lakini kichwa kiko nje. Hapo ndipo kofia yako inapofanya kazi, na ndiyo maana kofia yenye matundu ya urembo haisaidii kitu: joto linapita humo humo.

Matundu yana ubaya mwingine. Kidole cha njiti ni chembamba mno, kinaweza kunasa kwenye kitanzi kilicholegea. Kifungo hubanduka kikaishia mdomoni. Utepe wa kufungia chini ya kidevu unaweza kuvuta shingo. Kishada cha juu humfanya asilaze kichwa vizuri. Manyoya ya uzi yanaingia puani. Kwa kifupi, kila kilichomfanya yule mama ajivunie kofia zake ndicho kilichozikataa. Iliniuma kumwambia.

Kofia inayotakiwa wodini haina maringo. Ukitumia sindano mbili, fuma mbavu: vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mbavu hutanuka na kurudi, na kofia moja inaweza kumtosha mtoto kwa wiki kadhaa. Ukitumia kroshia, tumia fundo fupi lililoshikana na usikaze mkono sana, la sivyo utapata kofia ngumu kama kawa. Mshono uwe bapa, na ncha za uzi uzifiche kwa kuzirudisha ndani mara mbili, si kuzifunga fundo. Fundo dogo unalolidharau wewe, yeye analilalia usiku kucha.

Vipimo ndivyo vinavyowashinda wengi, kwa sababu mkono umezoea kichwa cha mtoto aliyezaliwa miezi tisa ikiwa imetimia. Huyo huwa na mzunguko wa sentimita 35 hivi. Wa wiki 32 yuko karibu na 29. Wa wiki 28 ni 26 hivi, yaani chungwa kubwa la Muheza. Punguza sentimita mbili au tatu kwenye kipimo cha kichwa ili kofia ishike bila kubana. Dukani tunayo machungwa mawili ya plastiki ya kupimia. Watu huyacheka, lakini hakuna anayetoka bila kuyajaribu.

Kuhusu uzi: pamba au akriliki laini. Sufu ya kondoo ni tamu mkononi, lakini maji ya moto ya wodini huigeuza ikawa nene na ndogo, na wengine huwawasha. Akriliki inavumilia kufuliwa, ila usiipige pasi ya moto, inayeyuka. Rangi kali, hasa nyekundu, ilowekwe kwanza uone kama inachuja. Kofia moja inakula gramu 15 hivi, kwa hiyo donge la gramu 50 linatoa tatu. Ukituambia ni za wodini, tunakuuzia kwa bei ya jumla hata ukichukua donge moja. Ukimaliza, zifue kwa sabuni isiyo na manukato, zianike juani, zitie kwenye mfuko safi uliofungwa na uandike ukubwa wake kwa nje.

Halafu kuna pweza. Wateja wameona picha zake kwenye simu: pweza wa kroshia akiwa amelazwa kando ya mtoto njiti, mtoto ameshika mikono yake. Jambo hilo lilianza Denmaki mwaka 2013, kwa maelezo kwamba mikono ya pweza humkumbusha mtoto kamba ya kitovu tumboni mwa mama. Picha ni nzuri, nakiri. Lakini kitu kilichojazwa pamba ndani ni kigumu kufua hadi kikauke sawasawa, na mikono mirefu inaweza kumzonga mtoto. Sisi pweza hatufundishi mpaka muuguzi mwenyewe aagize. Huo ni msimamo wa duka, usitukasirikie.

Kuna kazi nyingine ambayo ningependa watu wengi zaidi waijue: titi la kufuma. Mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani mara nyingi hujaza sidiria kwa kitambaa au soksi, kwa sababu titi bandia la silikoni ni ghali, zito, na huleta joto. Mwaka 2011, huko jimbo la Washington, Marekani, Barbara Demorest alifanyiwa upasuaji huo, akaanza kutumia titi la kufuma, kisha akawakusanya wafumaji wengine wakawa wanayatoa bure. Ni uzi wa pamba laini na ujazo mwepesi wa poliesta, na upande wa nyuma huachwa tundu ili mwenyewe aongeze au apunguze ujazo. Kwa wanaojua kroshia ni kazi ya jioni mbili. Hapa napo, uliza kwanza ukubwa. Na ukipeleka, peleka kimya kimya, bila kamera.

Kila Jumamosi saa nane mchana tunafundisha nyuma ya duka, bila ada. Mwanafunzi mpya haanzi na uzi mpya. Anaanza na sweta la mtumba, analifumua mwenyewe, kwa sababu anayefumua anaona kitanzi kinavyokaa kabla hajajua kukifuma. Angalia mshono wa ubavuni kwanza: ukiwa wa ovaloki, sweta lilikatwa kwa mkasi na utapata vipande vifupi vifupi visivyofaa. Ukiwa umeunganishwa kwa mnyororo, uzi unatoka mrefu hadi mwisho. Uoshe, uutundike na uzito chini, utanyooka.

Yule mama sasa ndiye mwalimu wetu. Zile kofia 40 alizifumua zote, jambo ambalo mimi nisingekuwa na moyo wa kulifanya, na uzi wenye manyoya ukaishia kuwa skafu za wazee wa jirani. Hawezi kabisa kuvumilia mtu anayehesabu vitanzi kwa kukisia. Wasichana wanamwogopa kidogo, na wanarudi.

Wanaotumia mkono wa kushoto nao waje. Kwa sasa tunaye mmoja. Mama humkalisha mbele yake, uso kwa uso, na binti anafuata mikono kama anayejitazama kwenye kioo. Alikosea wiki mbili za mwanzo. Wiki ya tatu alileta kofia, sentimita 26 kamili, tukailaza juu ya chungwa.