Lusajo mwanangu, mwaka wa Subaru usiusome kwenye tangazo

Iringa

Mwanangu Lusajo,

Hujambo? Picha zako za Subaru Impreza nimezipata zote: WRX ya 2001, STI (ile yenye nguvu zaidi) ya 2003 na WRX ya 2006. Umetaka nikuchagulie mwaka. Nitakuchagulia, ila kwanza ujue kwamba mwaka anaoutaja dalali mara nyingi siyo mwaka unaokuhusu wewe. Hiyo ya 2006 ameitangaza "namba E", yaani namba ya usajili, kama sifa yake kubwa. Namba E inasema tu gari lilisajiliwa lini hapa kwetu. Siku lililotoka kiwandani ni habari nyingine kabisa.

Fungua boneti, tafuta kibati chenye namba ya modeli. Impreza za Japani za kizazi hicho huanza na GDA kama ni WRX, na GDB kama ni STI. Herufi ya nne, ile inayofuata tu, ndiyo umri wa kweli wa gari. A na B ni za kuanzia 2000 hadi 2002, zenye taa za duara. C ilianza Novemba 2002, ikaja D mwaka 2003, kisha E katikati ya 2004. Hizo tatu taa zake zina umbo la yai. F ilianza katikati ya 2005 na G katikati ya 2006, taa zimechongoka kama jicho la mwewe. Bampa na taa hubadilishwa gereji kwa siku moja, kwa hiyo sura ya mbele usiiamini mpaka kibati kikubaliane nayo. Hapohapo soma namba ya gia boksi: TY75 ni ya gia tano ya WRX, TY85 ni ya gia sita ya STI. Ukikuta GDB yenye TY75, au namba za injini zimekwanguliwa, rudi nyumbani.

Sasa nchi ilikotoka. WRX ya 2006 ya soko la Japani ina injini ya lita 2.0, EJ205. Ya mwaka huohuo iliyouzwa Uingereza ina lita 2.5, EJ255. Ukiyatazama kwa nje hutayatofautisha, na usukani wote uko kulia. Angalia dashibodi: la Japani spidi inaishia kilomita 180, la Uingereza limeandikwa kwa maili. Namba ya chesisi ya Japani ni fupi, GDA ikifuatiwa na tarakimu. Ya Uingereza ina herufi na tarakimu 17. Kwa nini nakusumbua na hili? Silinda ya 2.0 ina kipenyo cha milimita 92, ya 2.5 ina milimita 99.5. Ukishaitanua silinda, chuma kinachobaki kati ya silinda na silinda kinakuwa chembamba, gasketi ya silinda hedi inapata nafasi ndogo ya kukalia. Pistoni za 2.5 nazo zinajulikana kuvunjika kwenye kingo za pete pale petroli inapokuwa hafifu au mtu anapoongeza msukumo wa turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini. Nataka ununue 2.0.

Ukishajua hayo, STI ya 2003 iache, najua moyo wako uko kwake. Siyo gari baya. Gia boksi yake ni imara kuliko zote za kizazi hicho. Tatizo ni kwamba imepangwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100, na ya vituo vyetu haifiki huko. Injini ikianza kugonga ndani kwa sababu ya petroli, kompyuta itarudisha taimingi, yaani wakati wa cheche, nyuma, na zile nguvu ulizozilipia huzipati. Halafu kuna rimu. STI za kabla ya herufi E zina nati tano kwenye duara la milimita 100. Mtu atakwambia rimu za Premio zinaingia. Nati zinalingana kweli, lakini tundu la katikati la rimu ya Premio ni milimita 54.1 na kitovu cha Subaru ni 56.1, haikai mpaka ipelekwe kwa fundi wa kukereza vyuma. Na breki za Brembo hazikubali rimu chini ya inchi 17. Kwa mashimo ya huko Mbeya, rimu zitapinda.

Ya 2001 nayo naiacha, sababu ni gia boksi. Za miaka ya mwanzo ni dhaifu, meno ya gia ya tatu ndiyo hutangulia, hasa gari likiwa limepitia mikono ya vijana wa kuondoka kwa kishindo kwenye taa.

Inabaki ya 2006, ikiwa ni GDAF au GDAG, ya Japani, na haijachezewa. Ukikuta eksozi imekatwa ili ipige baruti, au kuna kidude cha kuongeza msukumo wa turbo, hata bei ikishuka nusu usinunue. Wanaofanya hivyo kwa kawaida hawabadilishi pampu ya petroli wala hawapangi upya kompyuta, mchanganyiko wa petroli na hewa unakuwa mkavu, na pistoni zinaungua polepole bila mtu kuona.

Nenda kuliona saa kumi na mbili asubuhi, na umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Baridi ya Uyole ya Julai itakusaidia. Gusa injini, iwe ya baridi kabisa. Chomoa stiki ya oili, ifute kwa karatasi nyeupe, itumbukize tena. Oili nyeusi ni ya kawaida. Chembe zinazometameta kama vumbi la shaba ni bearing za konrodi zinakwisha. Kisha washa na usikilize. Mlio wa kugonga wa juujuu unaopotea baada ya dakika chache ni pistoni za Subaru zikiwa na baridi, hautishi. Unaoua ni ule wa chini, mzito, unaokuja injini ikishapata moto: panda mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika, achia mafuta taratibu. Ukisikia tok-tok-tok pale inaposhuka, usiendelee kuzungumza bei.

Timing belt ni ya kubadilishwa kila kilomita 100,000. Magari mengi ya Japani huwa na stika chini ya boneti yenye kilomita za siku ilipobadilishwa. Hakuna stika? Hesabu kwamba haijawahi kubadilishwa, na usiliendeshe kwenda mbali. Ikikatika, valvu na pistoni zinakutana. Nunua seti nzima: mkanda, tensheni, roli zote na pampu ya maji, kwa sababu roli ya zamani ikijam inaua mkanda mpya.

Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Gari lisilo na turbo huko hupoteza nguvu, karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. La turbo hufidia kwa kuzungusha turbo kwa kasi zaidi, kwa hiyo oili ndiyo uhai wake. Tumia 5W-40, ubadilishe kila kilomita 5,000, na kila unapojaza mafuta angalia stiki. Mwambie fundi afungue pia boliti za mrija wa oili unaokwenda kwenye turbo. Nyingine zina kichujio kidogo ndani kinachoziba, turbo ikakauka.

Maji nayo huchemka kwa nyuzi kama 94 kwenye kimo hicho, badala ya 100. Mfuniko wa rejeta ukilegea, utachemsha kwenye mlima wa Chunya na fundi atakwambia gasketi imekufa. Badilisha mfuniko kwanza. Gasketi ikiwa imekufa kweli, utaona mapovu yakitoka mfululizo kwenye kibuyu cha maji injini ikiwa inanguruma.

Mwisho, kwenye lami kavu kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole. Gari likijikaza kama limeshikwa breki, kapling ya katikati, inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma, imeganda. Tairi zote nne ziwe za saizi moja na zimelika sawa. Mzunguko wa tairi usipishane zaidi ya milimita 6.

Piga picha kibati na ile karatasi ya oili, unitumie kabla hujatoa hata shilingi ya kishika nafasi. Mafundi wa kukusindikiza nitakutafutia huku Iringa kama huko huna unayemwamini.

Mama yako