Salamu za Diwali na Mwaka Mpya

Ndugu, jamaa na majirani wapendwa,

Kwa niaba ya familia yetu hapa Kisutu, nawatakia nyote Diwali njema yenye heri, afya na baraka tele. Bhagwan awazidishie pale palipopungua.

Na pamepungua kweli. Samli, sukari na lozi hazishikiki, hivyo sahani za mithai tutakazowaletea msizihesabu vipande. Kwetu pengo ni kubwa zaidi: hii ni Diwali ya kwanza bila Baba. Daftari jipya la duka, la mwaka wetu mpya, liko mezani, na hakuna aliyethubutu kuandika “Shri”, neno la heri, juu ya ukurasa wa kwanza. Nitaandika mimi, kwa mwandiko wangu mbaya.

Juu ya kaunta Baba aliacha picha ya Swami Sivananda, mtawa wa Kihindu wa Rishikesh, India. Hakumpendea mikao ya yoga. Baba kuinama kufunga viatu tu ilikuwa kazi. Alimpendea udaktari. Sivananda, mzaliwa wa Pattamadai mwaka 1887, alikwenda Malaya (leo Malaysia) mwaka 1913 akafanya kazi katika hospitali ya shamba la mpira, na maskini akiwatibu bure. Baada ya miaka kumi aliacha mshahara na nyumba, akarudi India, na mwaka 1924 akawa swami kule Rishikesh. Wengi husimulia hadi hapo, kana kwamba utawa ni kukimbia kazi. Baba alipenda yaliyofuata: mwaka 1927, kwa fedha za bima yake, swami alifungua zahanati ya bure Lakshman Jhula, karibu na Rishikesh, akawatibu masadhu (watawa wa Kihindu) na mahujaji. Hata alipoanzisha jumuiya yake ya kiroho, Divine Life Society, mwaka 1936, katika mafundisho yake huduma ilitangulia, tafakuri ikafuata.

Basi wapendwa, tusidanganyane. Mtu anafunga Ekadashi, siku yetu ya mfungo, alfajiri anakaa padmasana, mkao wa tafakuri, saa tatu anapunja mizani! Anamnyima mfanyakazi bonasi ya Diwali akisingizia bei, kisha anamngoja Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali, mlangoni. Hata rangoli, yale mapambo ya rangi ya sakafuni, ukiichora hadi barabarani, haingii. Fataki zipunguzeni, fedha hiyo mkamlipie mgonjwa dawa, awe wa dini yoyote, na msipige picha.

Wazee wetu, nawagusa miguu. Watoto, pitieni, bahasha mwaka huu ni nyembamba, lakini zipo.

Shubh Diwali, na Saal Mubarak.