Malalamiko: chumba cha mbao mlichonijengea kinahama na upepo wa kusi

Kwa meneja,

Salaam. Mimi ni yule mteja wa Malindi, wa chumba cha mbao juu ya nyumba upande wa baharini. Nimepiga simu mara nne naambiwa nitapigiwa, basi naandika.

Mlinikabidhi mwezi wa tatu, tangambili, upepo hakuna, mlango unafunga kwa kidole. Kusi ilipokolea mwezi wa sita mlango ukagoma, kioo cha dirisha kikapasuka chenyewe usiku, na mgeni aliyelala kule akashuka saa nane na godoro lake anasema nyumba inalia. Nikateremsha timazi, mbele, upande wa bahari, juu kumekwenda kaskazini karibu inchi mbili, nyuma hata nusu haifiki, yani paa linajizungusha.

Fundi wenu alipokuja akagonga nguzo akaniambia mzee hii ni inchi sita kwa sita, hata ng'ombe kumi walale juu haitikisiki. Sikatai! Uzito inabeba. Lakini kusi hailali juu ya paa, inasukuma ubavuni, na nguzo nne na miamba, zile mbao za kulala juu ya nguzo, iliyopigwa misumari pembeni tu ni kama kitanda kilicholegea tendegu, ukikikalia kinabeba, ukikisukuma kinakwenda. Cha kuzuia upepo wa kusini ni zile kuta mbili zinazokwenda kusini kaskazini, na moja ndio hio ya baharini mliyoijaza milango mitatu ya vioo, hakuna hata futi nne za ukuta mzima. Mimi niliomba view, ndio, lakini wajenzi ni nyinyi, mngesema.

Kwenye mchoro niliolipia kulikuwa na plaiwudi ya milimita 12 pembe zote, ya kukaza kuta zisiyumbe. Nimebandua ubao mmoja nikachungulia, plaiwudi hakuna, mmesimamisha mbao tupu kila moja misumari miwili juu miwili chini, hizo ni pambo. Na ule ubao wa chini unaobeba kuta umeshikwa na misumari ya kupigia zege, ishapata kutu tayari, kwa chumvi hii ya huku mlitarajia nini sijui.

Ninachotaka: mlango mmoja wa mbele uzibwe (nimekubali, mke wangu bado), plaiwudi ipigwe pembe zote, misumari ya kutia zinki kila inchi 6 kwenye kingo na kila inchi 12 katikati. Chini mtie bolti, na mwisho wa kila kipande cha ukuta vyuma vya kushikilia nguzo zisinyanyuke, maana ukuta ukisukumwa upande mmoja unakandamiza na mwingine unainuka. Paa nalo lifungwe na ukuta kwa mikanda ya chuma. Kazi ianze kabla wiki mbili kuisha, la sivyo nirudishieni ile laki moja na nusu ya plaiwudi na bolti ambayo iko kwenye risiti yenu, nitafute fundi wangu.

Nipo nyumbani kila siku baada ya alasiri. Msimtume tena yule wa ng'ombe.