Barua kwa mwanangu anayeanza kusoma mafaili ya vifo ya Edgefield

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniambia unaanza kusoma mafaili ya uchunguzi wa vifo ya Edgefield, South Carolina, ya karne ya 19. Kabla hujafungua hata moja, shika neno hili la mama yako: uamuzi wa juri, yaani wanaume wa jirani walioapishwa kuamua sababu ya kifo, ule ulioandikwa kwa mwandiko mzuri na kusainiwa na wote, ndio sehemu dhaifu kuliko zote katika faili. Nguvu iko kwenye maelezo ya mashahidi. Anza na hayo, uamuzi uusome mwisho.

Kwanza jua pa kutafuta. Kabla ya katiba ya 1868 maeneo haya yaliitwa wilaya, si kaunti, na mipaka ilihama. Mwaka 1871 kipande cha Edgefield kilimegwa kuunda kaunti mpya ya Aiken, kwa hiyo kifo cha mji uleule kinaweza kuwa kwenye makabati mawili tofauti kufuatana na mwaka.

Utaratibu wenyewe ulitoka Uingereza, ambako kazi ya mchunguzi wa vifo ilianza 1194. Mtu akikutwa amekufa, akifa ghafla au akiuawa, habari ilipelekwa kwa mchunguzi wa vifo wa wilaya. Akiwa mbali, hakimu wa karibu alishika nafasi yake. Hakuhitajika kuwa daktari. Wengi walikuwa watu wa kawaida wa pale pale, na malipo yao yalihesabiwa kwa kila uchunguzi. Alimtuma konstebo na hati ya kuwakusanya wanaume wa jirani, 12 au zaidi, akawaapisha mbele ya maiti. Sharti kuu lilikuwa kuiona maiti kwa macho yao. Bila maiti hakukuwa na uchunguzi, na kama marehemu ameshazikwa, kaburi lilifukuliwa. Kikao kilikaa pale pale mwili ulipolala: barazani, kwenye ghala la pamba, ukingoni mwa mto. Mwezi Julai joto la huko haliruhusu kusubiri, ndiyo maana utakuta maelezo mafupi yaliyoandikwa mbio. Kumbuka pia kwamba kwenye joto mwili hukakamaa mapema na kulegea mapema, kwa hiyo makadirio yao ya saa ya kifo usiyategemee sana.

Ndani ya faili utakuta hati ya kuita juri, maelezo ya mashahidi chini ya kiapo, na hati ya uamuzi. Wasiojua kuandika waliweka alama ya msalaba. Ukibahatika utakuta bili ya daktari. Usiipuuze hata kama ni kikaratasi cha mistari mitatu, kwa sababu ndiyo itakayokuambia kama mwili ulipasuliwa au uliangaliwa kwa nje tu.

Maneno ya hati ya uamuzi yalinakiliwa kutoka kielelezo kimoja. Muuaji ataelezwa kuwa “hakuwa na hofu ya Mungu machoni pake, bali alichochewa na shetani.” Usijenge hoja juu ya tabia ya mtu kwa maneno hayo, kila muuaji aliandikiwa hivyo, na mara nyingi hata aliyejiua. “Kwa kujiliwa na Mungu” ilimaanisha kifo cha maradhi, lakini mara nyingi ilimaanisha tu kwamba hawakuona alama yoyote nje ya mwili. Chini ya maneno hayo huweza kulala ugonjwa wa moyo, afyuni iliyozidi, au kipigo kilichopasua bandama bila kuchubua ngozi.

Penye jeraha, fomu ilidai vipimo: urefu, upana na kina kwa inchi. Hapo ndipo pa kukaa na kalamu. Risasi ya karibu sana huacha tundu moja, ngozi iliyoungua na punje za baruti zilizozama pembeni. Bunduki ya marisau ikipigwa kwa mbali huacha matundu mengi yaliyotawanyika. Basi mshitakiwa akisema marehemu alimrukia, na juri limeandika matundu yaliyoenea mgongo mzima bila kuungua, unajua nani anasema kweli hata kama juri liliandika “kujihami.” Tafuta pia neno juu ya kizibo. Bunduki za kujazia mdomoni zilisokomezwa karatasi au kitambaa juu ya baruti, na kipande hicho kiliweza kuingia jerahani. Huko Lancaster, Uingereza, mwaka 1784, John Toms alitiwa hatiani kwa sababu kizibo kilichotoka jerahani kilikaa sawasawa na karatasi iliyochanika iliyokuwa mfukoni mwake.

Kwa kamba, angalia maelezo ya alama ya shingoni. Aliyening’inia huwa na alama inayopanda kuelekea fundo, nyuma ya sikio. Aliyekabwa kwa kamba huwa na alama iliyolala, inayozunguka shingo yote. Kuhusu damu, usiwadai wasichokuwa nacho. Kipimo cha kutofautisha damu ya mtu na ya mnyama kilipatikana 1901, kwa kazi ya Paul Uhlenhuth. Kabla ya hapo, mwenye shati lenye damu akisema amechinja nguruwe, hakuna aliyeweza kumkanusha kwa kuangalia damu peke yake.

Sumu ilikuwa ngumu zaidi kwa watu wa shamba. Aseniki iliuzwa kama sumu ya panya, na dalili zake, kutapika na kuhara, zinafanana na za kipindupindu. Kipimo cha James Marsh cha 1836 kilikuwa kizuri: utumbo uliochemshwa unawekwa kwenye chupa yenye zinki na asidi ya salfa, gesi inayotoka inawashwa, na kigae baridi cha kaure kinashikwa kwenye mwali. Doa jeusi linalong’aa likitokea, kuna aseniki au antimoni; la aseniki huyeyuka kwenye maji ya klorini ya kufulia, la antimoni hubaki. Lakini zinki na asidi zenyewe mara nyingi zilikuwa na aseniki ndani yake. Mkemia ambaye hakupima kwanza dawa zake peke yake, bila utumbo, angeweza kumpeleka mtu kitanzini bure. Ukikuta ripoti ya namna hiyo, tafuta kama alifanya hivyo.

Sasa watoto wachanga, na hapa nakuomba utulie. Mapafu ya mtoto yalitiwa kwenye maji: yakielea, alisemwa alivuta pumzi, kwa hiyo alizaliwa hai. Kipimo hiki kilijulikana tangu karne ya 17, na kasoro yake ni kubwa. Mwili ukianza kuoza hujaa gesi na mapafu huelea hata kama mtoto alizaliwa mfu. Na hata aliyevuta pumzi anaweza kufa mwenyewe bila mkono wa mtu. Vilevile utaona watoto wa watumwa walioandikwa kwamba mama zao “waliwalalia.” Orodha za vifo za sensa ya Marekani, zilizoanza 1850, zimejaa neno hilo. Leo tunajua kifo cha ghafla cha mtoto mchanga usingizini, na tunajua mama aliyelima pamba hadi siku za mwisho za mimba alizaa mtoto dhaifu. Kosa likaandikwa kwa mama. Inaniuma kila ninapolikuta, na wewe usilinakili kama ukweli.

Mtumwa aliyeuawa pia alifanyiwa uchunguzi, maana alikuwa mali ya mtu. Sheria ya South Carolina ya 1740 ilimtoza mzungu faini ya pauni 700 kwa kumuua mtumwa kwa kusudi, na 350 kama ni kwa hasira ya ghafla au kwa kuzidisha adhabu. Sheria hiyohiyo ilimruhusu bwana ajisafishe kwa kiapo chake mwenyewe pale ambapo mzungu mwingine hakuwepo. Mwaka 1821 kuua kwa kusudi kukawa kosa la kunyongwa, lakini kuua kwa hasira kukabaki faini isiyozidi dola 500 na kifungo kisichozidi miezi sita. Ndiyo maana uamuzi ulivutwa sana upande wa “hasira.” Na kwa kuwa mahakamani ushahidi wa mtumwa dhidi ya mzungu haukukubaliwa, waliokuwepo pale shambani na kuona fimbo ya nyapara wanaweza wasionekane kabisa kwenye karatasi. Vipimo vya michubuko vilivyoandikwa mgongoni ndivyo vitakavyokusemea.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865) sauti za watu weusi zinaingia kwenye mafaili. Mfano mkubwa ni mji wa Hamburg, humo humo South Carolina, tarehe 8 Julai 1876, ambapo watu weusi 6 na mzungu 1 waliuawa, baadhi ya weusi wakipigwa risasi baada ya kukamatwa. Uchunguzi uliendeshwa na Prince Rivers, aliyezaliwa mtumwa, akawa sajini katika jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini, kisha hakimu wa mji huo. Juri lake liliwataja wanaume weupe zaidi ya 80 kwa majina. Hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani, Matthew C. Butler, mmoja wa waliotajwa, akaenda kuwa seneta. Linganisha karatasi hiyo na zile za miaka ya 1890, ambapo mtu alichukuliwa mchana na kuuawa mbele ya umati, na juri likaandika “kwa mikono ya watu wasiojulikana.”

Kwa hiyo ukimaliza faili usiishie hapo. Chukua jina la mtuhumiwa ukalitafute kwenye daftari la mahakama ya jinai la kikao kilichofuata, uone kama juri kuu, lile linaloamua kama mtu ashitakiwe, lilikubali mashitaka au liliyatupa. Kwa miaka ya 1865 hadi 1868, pitia pia orodha za mauaji na maonevu zilizoandikwa na maofisa wa Ofisi ya Walioachwa Huru, ile ya serikali ya Marekani iliyoshughulikia watumwa wa zamani. Wao walisikiliza watu ambao majirani hawakuwaita. Andika majina kama yalivyoandikwa, pamoja na makosa yake ya herufi, na ukurasa wa kila jambo. Na mafaili ya watoto usiyasome mengi kwa siku moja.

Akupendaye,
Mama