Barua ya wazi kwa Waziri: msafara ukija Uswidi, upite Lund

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Watu Wenye Ulemavu,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni Mtanzania, nahudumia watu wenye ulemavu wa akili kusini mwa Uswidi. Ujumbe wako ukija huku kujifunza, naogopa utaonyeshwa majengo mazuri, mtapiga picha, kisha mtarudi Dodoma na ramani ya kituo kikubwa.

Tafadhali anzieni Lund, ilipokuwa taasisi ya Vipeholm, iliyofunguliwa 1935. Miaka ya 1940 baadhi ya wakazi wake, watu wenye ulemavu wa akili, walilishwa tofi za kunata makusudi ili watafiti waone meno yanavyooza. Hawakuulizwa. Majengo yalikuwa imara, madaktari walikuwepo, fedha za serikali zilikuwepo. Nchi ikapata elimu ya meno, wao wakabaki mapengo.

Mwaka 1997 Bunge la Uswidi lilipitisha sheria ya kuzifunga taasisi za aina hiyo zilizobaki, mwisho ukiwa Desemba 31, 1999.

Ninapofanya kazi, kila mkazi ana nyumba yake ndogo yenye jiko, bafu na kengele mlangoni. Funguo tunazo, lakini tunabonyeza kengele na kusubiri. Yupo mama mmoja ambaye tamthilia yake ikianza hafungui mpaka iishe. Nami nasimama koridoni na dawa zake mkononi. Sisemi huku ni peponi. Saa za wasaidizi binafsi, wanaolipiwa na serikali kumsaidia mtu mwenye ulemavu, zimebanwa miaka ya karibuni, na familia nyingine zimeishia mahakamani.

Ninachoomba ni hiki: wageni wasiingie kwa mtu kabla mwenyewe hajakubali, na akikubali, meneja abaki nje. Muulizeni nani alimchagulia majirani, pesa zake anashika nani, na akitaka kuhama amwambie nani. Mkirudi, yaulizeni hayo hayo kwenye vituo vyetu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 19 inampa mtu haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani.

Halafu katika msafara wenyewe, SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu Tanzania, wapewe nafasi, akiwemo mtu mwenye ulemavu wa akili pamoja na msaidizi aliyemchagua mwenyewe. Posho isipotosha, punguzeni wakurugenzi.

Wako,
Mtanzania aishiye Uswidi