Barua kwa vijana wa kibarazani: Desemba imepita, rudini kwenye cherehani

Wajukuu zangu,

Shikamoo zenu nazipokea kwenye simu tangu Krismasi, lakini kibarazani hamjaonekana. Leo tuko wiki ya tatu ya Januari. Cherehani ziko tano, mafundi wawili, na mmoja wa hao wawili ni mimi, ambaye siku hizi lazima nisubiri jua la saa nne ndipo nione tundu la sindano. Sare za shule zimelundikana hadi dirishani na akina mama wanakuja kuziulizia kila asubuhi. Siandiki kuwagombeza. Najua kilichowaondoa.

Kilichowaondoa ni Desemba. Nani amekulia Moshi asiijue Desemba? Barabara za kupandia Kibosho, Machame, Marangu na Rombo zinajaa magari yenye vumbi la kutoka Dar, migombani kunanukia nyama, kila nyumba ina mtoto wake aliyerudi. Mwenzako mliyekaa dawati moja darasa la tano anashuka na funguo mkononi, anakuuliza, "Na wewe siku hizi uko wapi?" Unamjibu, "Najifunza kushona." Anasema, "Aaa, sawa," kisha anawageukia wengine. Hiyo "aaa, sawa" ndiyo iliyowang'oa kibarazani. Mmoja wenu aliniandikia ujumbe usiku wa kuamkia mwaka mpya: "Babu, nina miaka ishirini na mbili, wenzangu wameshatoboa, mimi nimechelewa."

Nimelala na hilo neno siku nyingi. Mimi niliishia darasa la saba, si mwalimu wa mtu. Ila kwa miaka zaidi ya arobaini nimeshona redio ikiwa pembeni na gazeti chini ya kitambaa, na habari za watu wakubwa nimezifuatilia kama wenzangu wanavyofuatilia mpira. Sasa nawauliza: mnajua walikuwa wakifanya nini walipokuwa na umri wenu?

Chukueni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, akaitwa Mtumwa. Wazazi wake walikuwa wafinyanzi, na kazi yake yeye ilikuwa kuvichukua vyungu hadi mjini na kuvitembeza mitaani akinadi. Kusoma hakusoma. Hebu ifuateni njia ile pamoja nami. Chungu hakitaki haraka, ukijikwaa umekula hasara ya siku nzima. Na mnunuzi hakuoni, yuko ndani, nyuma ya ukuta mnene wa mawe, pengine yuko ghorofani. Cha kumtoa ni sauti yako tu. Basi binti yule kila siku anairusha sauti ipande, ipite dirishani, imfikie mtu jikoni, na kesho anarudia, na mwezi ujao, na mwaka ujao. Mjini alihamia 1911. Hesabuni wenyewe: alikuwa ameshapita miaka thelathini! Hapo ndipo alipofundishwa kuimba taarabu na Ali Muhsin, mtu wa kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa. Mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri, na pwani nzima ikamsikia. Mimi nikisikia sauti yake, siisikii kama sauti iliyoanza Bombay. Ile ni sauti ya vyungu. Hakuna mwalimu ambaye angempa yale mapafu.

Shaaban Robert nanyi mmemsoma shuleni, kwa hiyo sitakaa sana kwake. Mzaliwa wa Vibambani, Tanga, 1909. Mwaka 1926, akiwa na miaka kumi na saba, akawa karani wa forodha, na ukarani wa serikali akaufanya kwa zaidi ya miaka thelathini, akihamishwa idara hii hadi ile. Huyu tunayemwita gwiji wa lugha yetu, asubuhi alikuwa anakwenda ofisini kama watu wengine. Lakini tangu 1931 alikuwa akimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge barua, na barua zile za ndugu kwa ndugu zina Kiswahili ambacho mtu hakioni aibu kukisoma mbele ya wazee. Hakusubiri aitwe mwandishi ndipo aandike vizuri. Napenda sana jambo hilo kwake.

Na Mwalimu Nyerere? Hapa niwarekebishe, maana nasikia mkimsimulia kama mtoto wa fukara aliyetoka porini peke yake. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Lakini hata huyo mtoto wa chifu shule aliianza akiwa na miaka kumi na miwili, mwaka 1934, pale Mwisenge, Musoma, mbali na kwao Butiama. Leo mtoto wa miaka kumi na miwili anayeanza la kwanza, mtaa mzima ungemcheka. Alipokuwa na miaka ishirini bado alikuwa mwanafunzi wa Tabora. Edinburgh alikwenda 1949 akiwa na ishirini na saba. Nawe wa ishirini na mbili waniambia umechelewa, umechelewa wapi?

Sasa nisiwafiche upande wa pili, msije mkasema babu kachagua wanaomfaa. Wako waliowahi. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, alikuwa na miaka ishirini tu siku ile ya tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, alipoongoza mita 1,500 tangu bunduki ilipolia hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Haya, huyo ametoboa. Kilichofuata ni nini? Michezo ya Olimpiki ya 1976 Montreal, miaka yake ikiwa mizuri kabisa, hakukimbia, kwa sababu nchi yetu na nchi nyingi za Afrika zilisusia kwa ajili ya New Zealand kucheza raga na makaburu. Medali ya Olimpiki aliipata Moscow, 1980, tena ya fedha, tena kwenye mbio nyingine kabisa, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Aliyewahi naye alingojeshwa miaka, akaendelea kufanya mazoezi. Sijui kama yule mwenye funguo za gari anayajua hayo.

Kuna kitu kingine ambacho hadithi hizi zikisimuliwa haraka huwa kinadondoka, nacho ni watu waliokuwa nyuma. Jirani zetu Wameru walifukuzwa kwenye ardhi yao Engare Nanyuki mwaka 1951, nyumba zikachomwa, ardhi wakapewa walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasimama New York, Umoja wa Mataifa, kuwasemea. Alisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi yake hapahapa Moshi. Na nauli je? Wameru walichangishana. Wakulima, senti kwa senti. Mnapolitaja jina la Kirilo, wakumbukeni na wale waliofungua vibindo.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mimi niliwahi kuwa yule ambaye hakuchanga. Miaka mingi iliyopita, hamjaja bado, nilikuwa na mwanafunzi mmoja hapa kibarazani, kijana mkimya. Kila nafasi ikipatikana alitoa daftari akachora: kola, mikunjo ya mikono, gauni la harusi lenye mgongo ambao hata mimi sikuujua utakatwaje. Siku moja tulikuwa na kazi ya haraka, akachelewa kufumua pindo nililomwagiza. Nikamnyang'anya daftari, nikalitupa kwenye boksi la vipande, nikamwambia hapa watu wanashona, hawachori. Hakubisha. Alifumua lile pindo hadi mwisho, akakunja suruali, akaiweka mezani, akaondoka. Hakurudi. Daftari niliokota jioni, nimekaa nalo mpaka leo. Lile gauni la harusi nimejaribu kulikata mara mbili, na mgongo bado unanishinda.

Kwa hiyo ninyi siwaiti mje kunimalizia sare tu. Jumatatu nafungua saa mbili. Asubuhi tunapiga kazi za watu, sare na suruali za kupunguza, na nitawasumbua kwenye mishono kama kawaida, mshono uliopinda utafumuliwa hata kama mteja hajauona. Kuanzia saa tisa cherehani ni zenu. Shoneni mnachotaka, vipande vya vitambaa vipo, ukiharibu umeharibu. Aliyesema anataka kujifunza kukata koti, nimeongea na fundi mwenzangu wa mtaa wa pili aliyenizidi kwa makoti, atakuja kila Alhamisi. Nauli ya wanaotoka mbali tutachangia kwenye kopo, mimi nimeshaanza kutia.

Na nimenunua kaunta buku sita. Tano ni zenu. Ya sita ni ya yule kijana, ambaye sasa ni mtu mzima, kama barua hii itamfikia popote alipo. Mwanangu, daftari lako la zamani nalo nimelihifadhi, liko kwenye droo ya cherehani ile ya mwisho, karibu na dirisha. Njoo ulichukue, na kama una muda, unionyeshe ule mgongo.

Babu yenu,
kibarazani, Moshi