Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Msimu wa 2024/2025

Ndugu wanachama wenzangu,

Hesabu zilizokaguliwa mnazo kwenye makabrasha, na Katibu Meneja atazipitia ukurasa kwa ukurasa nikishakaa. Mimi nitachukua muda wenu kwa jambo moja tu, maana limeulizwa kwenye vijiwe vyote vya Tandahimba: chama cha wakulima wa korosho kimeingiaje kwenye kazi ya kutengeneza programu ya kompyuta?

Hatukuanza kwa kutengeneza. Tulianza kwa kutaka kununua. Muuzaji alikuja ofisini na programu ya kutunza hesabu, akatuonyesha, ikapendeza. Tukamwita karani wetu aingize gunia moja la majaribio. Akaandika jina la mkulima, akaandika kilo, programu ikauliza bei. Ukiacha wazi, haisogei. Karani akatugeukia na mkono bado uko kwenye kipanya: "Bei ipi, Mwenyekiti?"

Tangu stakabadhi ghalani ianze kwenye korosho msimu wa 2007/2008, anayeleta mzigo chamani hauzi siku hiyo. Korosho zinapimwa, anapewa stakabadhi ya mapokezi, zinapakiwa kwenda ghala kuu, zinaingia mnadani, na huko ndiko bei inakopatikana. Msimu huu minada imekwenda kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa, TMX, lakini mpangilio ni ule ule: chama kinapokea na kufikisha, hakinunui. Programu ile ilituona sisi wanunuzi na ninyi wauzaji. Kwa maneno mengine, ilikuwa imetugeuza kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho kwa mkulima nje ya mfumo.

Tulimwomba muuzaji airekebishe. Inawezekana, alisema, kwa ada ya ziada, na kila makato yakibadilika kutakuwa na ada nyingine. Makato yetu mnayajua yanavyobadilika. Tukamshukuru, tukamsindikiza.

Bodi ikampa mkataba kijana wetu, mtoto wa mwanachama, aliyesomea kompyuta na ambaye misimu miwili alikuwa anashika daftari ghalani. Wiki mbili za mwanzo hakufungua kompyuta kabisa. Alikuwa anapima, anashona magunia, anapanga foleni. Mimi nilimnung'unikia Makamu kwamba tunalipa kibarua wa kushona kwa bei ya fundi. Nakiri nilikosea, kwa sababu ndani ya wiki hizo ndipo yalipoonekana mambo ambayo hakuna muuzaji angeyajua. Kwanza majina. Tunao wanachama wenye majina matatu yanayofanana herufi kwa herufi, na wengine ni ndugu wanaotumia simu moja. Programu yetu haimtambui mtu kwa jina, inamtambua kwa namba ya uanachama, na karani akiandika jina lenye pacha wake inamsimamisha aulize.

Pili, na hili ndilo lililokuwa linatuletea maneno kila mwaka, ni lori. Mzigo wa siku moja unaweza kugawanyika safari mbili, zikauzwa minada miwili kwa bei mbili. Au safari moja ikakutwa na korosho za daraja la chini. Zamani tulikuwa tunatafuta wastani na kila mtu anaumia kidogo, aliyeanika vizuri na asiyeanika. Sasa kila stakabadhi ya mapokezi imefungwa kwenye safari yake, na malipo yanafuata safari hiyo. Waliopata pungufu msimu huu walionyeshwa ni lori lipi na siku ipi. Walikasirika, lakini hawakukasirikia hewa.

Kwa wanaouliza gharama: zana za kompyuta zilizotumika kuijenga ni za chanzo huria, yaani zimeachwa wazi yeyote azitumie, hatulipi leseni. Tulichonunua ni kompyuta mpakato mbili, printa ndogo na sola. Inafanya kazi bila intaneti, inatuma taarifa mtandao ukirudi. Hilo tulilisisitiza wenyewe, maana Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika tuliona ofisi ngapi zilikaa zikisubiri. Taarifa zetu kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika zinaendelea kupitia MUVU, mfumo wa serikali wa kusimamia vyama vya ushirika kwa kompyuta, kama kawaida. Hatushindani na mfumo wa serikali.

Sasa kosa letu. Wiki ya kwanza ya mapokezi, mama mmoja alileta magunia manne. Alikuwa amepima nyumbani na kuandika kwenye kipande cha boksi. Stakabadhi ikatoka imepungua kilo nne. Akanifuata mpaka ofisini na boksi lake mkononi: "Mwenyekiti, korosho zangu zimeshuka njiani, au mashine yenu ina njaa?" Tulirudia kupima, mzani ukampa haki. Kumbe karani alikuwa anaweka gunia tupu juu ya mzani na kuurudisha kwenye sifuri, kama tulivyozoea, halafu programu nayo inatoa kilo moja ya gunia. Kila gunia lilikatwa mara mbili. Kijana alirekebisha jioni ile ile, na usiku stakabadhi zote za siku mbili zilifunguliwa upya na kusahihishwa. Hakuna aliyelipwa pungufu, lakini waliosahihishiwa ni wengi, na kwa niaba ya bodi nawaomba radhi. Kosa lingetokea kwenye programu ya kununua pia, ila siku hiyo tungekuwa tunapiga simu Dar es Salaam.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba anayeijua programu hii vizuri ni mtu mmoja. Akipata kazi kwingine, au akiugua Novemba, tutarudi kwenye daftari. Mkataba unasema programu ni mali ya chama, na nakala za msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, zipo sehemu tatu, lakini nakala bila mtu anayeisoma ni flashi tu kabatini. Ndiyo maana kwenye makisio kuna posho ya kijana wa pili na malipo ya kuandika kitabu cha maelezo kwa Kiswahili. Naomba fungu hilo msilifyeke.

Vyama viwili jirani vimeomba tuwape programu hii. Bodi inaona tusubiri msimu mmoja zaidi, ila uamuzi ni wenu, upo agenda ya saba.

La mwisho ni namba za simu na akaunti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tutunze taarifa sahihi na kwa usiri, kwa hiyo hatutabandika tena orodha ukutani. Kila mmoja atahakiki zake mwenyewe. Meza ipo nje chini ya mwembe, njoo na kitambulisho. Mama wa kilo nne ameshaketi pale tangu asubuhi, na boksi lake kaja nalo.

Mwenyekiti wa Bodi